Pesa Zangu ni za Mwiti

Jumapili, 11 Mei 2025

Siku ya Kina Mama. Nimeamka mapema, nikavaa kitenge kipya, nikaketi. Chapati tayari. Kuku tayari. Nikaketi tena.

Kengele! Nikakimbia na mgongo huu huu. Si Clifford. Ni kijana wa kuleta maua, tena ameacha gari likinguruma. Maua meupe, yale wanayouza hapa Sydney kila Siku ya Kina Mama, na mimi kila mwaka nayaona ni ya kuwekwa juu ya jeneza. Kadi imechapishwa na mashine. Clifford wangu, injinia, aliyekuwa nambari moja tangu darasa la kwanza mpaka la nane (isipokuwa la tano, mwalimu alikuwa na chuki), anashindwa kuandika "Mama" kwa mkono wake.

Binti yangu Kathure akapiga simu kutoka hospitali ya Westmead. Yuko shifti. Si nesi tu, ni nesi msimamizi wa wodi nzima. Akasema atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo yake ninaijua. Haijawahi kufika.

Kisha Clifford mwenyewe akapiga. Nikamshukuru kwa maua. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetazama pembeni, kwamba amepata kazi Perth, kwenye migodi, na mwezi wa saba watahama, yeye na mkewe Cherotich na watoto. Perth! Huko ni kwenda kwa ndege mpaka unaletewa chakula. Nikamwambia hongera, Mungu ni mwema. Nikakata simu, nikala chapati za watu wote.

Dirishani nikamwona Concilie, jirani wa chini, Mrundi, mjane kama mimi. Mwanawe Moïse anampeleka kula samaki. Moïse anaendesha ile mashine ya kuinua mizigo ghalani Auburn. Si injinia. Lakini alimfungulia mama yake mlango wa gari, akamfunga mkanda taratibu kama anayefunga mayai.

Nitafanya kitu. Clifford haendi Perth.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeshuka kwa Concilie kuomba chumvi. Chumvi ninayo.

Nikamsikiliza habari za samaki mpaka mifupa. Nikauliza, Moïse siku hizi ana nini, mbona kila jioni gari lake liko hapa? Concilie akacheka kidogo. Akasema baada ya Pasaka walienda pamoja kwa wakili. Pesa zake za benki ameziweka kwenye amana. Hapa wanaita trasti. Moïse ndiye atakayezishika, lakini si zake, ni za Ketsia, mjukuu, mpaka akue. Akasema tangu siku hiyo analala vizuri.

Haya! Tangu siku hiyo! Yaani wakili kapiga muhuri, na mwana kaanza kuja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo naiweza.

Concilie amekonda, gauni linaning'inia. Dayati, bila shaka. Wenye mambo yao sawa ndio wanaokonda kwa kupenda.

Jumanne, 13 Mei

Benki. Nimevaa viatu vya kanisa.

Nikamwambia binti wa pale nataka kuandika mrithi, kama tulivyofanya kwenye sako, chama cha akiba cha wakulima wa majani chai, kule kwetu Nkubu. Unataja jina, unaweka kidole gumba, unaenda nyumbani. Akasema hapa akaunti ya kawaida haina mahali pa kuandika mrithi. Sikuamini. Nchi yenye mashine ya kuosha vyombo haina mahali pa mrithi!

Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wazungu kupika mukimo wetu wa viazi na mahindi ya kuponda. Ukifa, pesa zinafuata wosia, kama umeandika. Au unafungua akaunti ya watu wawili, mmoja akifa mwenzake anabaki na zote. Nikauliza, na nikiwa hai je? Akasema hata ukiwa hai anaweza kutoa. Nikafunga mkoba. Au basi, akasema, unafungua akaunti ya amana kwa ajili ya mtoto. Mimi nashika, mtoto ndiye mwenyewe.

Hiyo! Trasti kama ya Concilie! Akauliza jina la mtoto. Nikasema Mwiti. Akauliza tarehe ya kuzaliwa.

Hapo akili ikaniwaka pale pale kwenye kiti cha benki.

Mwiti yupi? Marehemu mume wangu aliitwa Mwiti. Kwetu Meru mvulana wa kwanza wa mwanangu wa kiume lazima apewe jina la mzee, na Clifford akampa. Mvulana wa pili wa binti yangu naye ni wa upande wetu, na Kathure akampa. Wote wawili ni Mwiti. Wazungu wakija kwenye sherehe zetu hufikiri tumeishiwa majina.

Nikamwambia binti nitarudi. Sikuandika chochote. Kalamu nimekuja nayo kwa bahati mbaya.

Jumatano, 14 Mei

Nimempigia Clifford. Nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi: nimeenda benki, nimefikiria mambo yangu, pesa zangu zote ni za Mwiti. Nikasikia akifunga mlango. Kisha akauliza kwa nini sasa. Nikasema mtu hajui siku wala saa. Akasema atakuja Jumapili.

Nikampigia Kathure. Sentensi ile ile, neno kwa neno. Akauliza kama nakula vizuri. Akasema atakuja Jumamosi, atabadilishana shifti. Kathure kubadilishana shifti! Hata nilipotolewa jino hakubadilishana.

Nimemwomba kila mmoja asimwambie mwenzake, kwa sababu ya wivu. Sikudanganya popote. Pesa ni za Mwiti. Wakichagua kusikia Mwiti wao, ni masikio yao.

Jumamosi, 17 Mei

Kathure amekuja. Tena na watoto, na mfuko wa vitamini, na slipasi za manyoya. Akanishika mkono muda mrefu. Nilidhani ni mapenzi, kumbe ananipima mapigo kijanja. Akanitazama ndani ya macho. Akauliza kama nimepungua uzito. Nikasema sijawahi kupungua tangu niingie nchi hii. Hakucheka.

Anakagua mali. Mwenye trasti akikaguliwa namna hii, lazima trasti ni nzito.

Mwiti wa Kathure akaniimbia wimbo wa Sunday school kwa Kiswahili, maneno karibu yote ya kwake mwenyewe. Nikampa soseji zote.

Jumapili, 18 Mei

Leo zamu ya Clifford. Mwiti wake amenyolewa na kuvishwa suti. Nikamwuliza kwa Kiswahili shule inaendaje, akajibu kwa Kiingereza kwamba ni sawa, Shosho (ndivyo wajukuu wanavyoniita), na Wi-Fi yako nywila yake ni ipi. Ana akili za babu yake.

Clifford hakushika simu yake isipokuwa kunirekodi! Akaniomba nisimulie tulivyohama kutoka Nkubu, jinsi marehemu alivyonitongoza, nani alizaliwa wapi. Nikasimulia. Nikaongeza chumvi mahali, lakini ile ya kupendeza. Akaniuliza kama ningependa kwenda Meru kuwaona dada zangu, atalipa tikiti. Nikasema haraka ya nini?

Cherotich, ambaye miaka yote huingia kwangu na viatu na kutoka navyo, leo ameosha vyombo. Nikamkuta jikoni analia. Nikamwuliza nini, akasema vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Pesa ni kitu! Inaliza watu mchana.

Wakati wa kuondoka Clifford akanikumbatia mpaka miwani ikapinda. Akasema amewaandikia watu wa Perth kuwa haendi. Nikasema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Walipofunga mlango nikacheza, mimi na mgongo wangu, mpaka Concilie akagonga dari yake kwa fagio. Hodi hiyo ilikuwa dhaifu. Hana nguvu ya kuvumilia furaha ya mwenzake.

Jumatano, 21 Mei

Nimeshuka kumweleza Concilie kwamba mimi nami nina trasti, tena ya wajukuu, kwa wingi. Akasema amefurahi. Alikuwa amelala kwenye kochi mchana wote na blanketi. Akaniuliza wakili wangu ni yupi. Nikasema ni wa siri.

Akaniuliza kama watoto wamelipokea jambo hilo vizuri. Nikasema wanagombania kuniosHea vyombo. Akasema Moïse naye alilia siku ile kwa wakili. Nikamwambia wanaume wa siku hizi wana machozi ya karibu.

Nyumbani nikakumbuka sijarudi benki. Haidhuru. Trasti inafanya kazi vizuri bila kuwepo.

Jumapili, 25 Mei

Nimekosea. Siwezi kuandika polepole. Nitaandika tu.

Jeuri yangu ndiyo iliyoniponza. Niliona kukaribisha upande mmoja mmoja ni kujinyima. Nikawaalika wote pamoja baada ya ibada. Nilitaka watu wa kanisa letu la Blacktown waone magari yakipangana mbele ya nyumba yangu. Yakapangana. Mchungaji mwenyewe aliona.

Mukimo, kuku, chapati. Akina Mwiti wawili chini ya meza na simu moja. Nikawaza, mwanamke gani Sydney hii amewakusanya wanawe namna hii? Nikatamani Concilie angekuja, lakini alituma salamu.

Basi Kathure akamshika Clifford mkono kando ya sahani. Machozi machoni. Akamwambia, "Kaka, asante kwa kutokuwa na kinyongo. Najua ungeweza kuuliza kwa nini pesa za Mama zimepewa Mwiti wangu. Akisoma, atamsaidia na wako. Nakuahidi."

Clifford akaweka uma chini. Akamtazama dada yake kama mtu aliyeambiwa habari yake mwenyewe na mtu mwingine.

"Mwiti yupi?"

Nikasema mukimo unaungua. Mukimo ulikuwa mezani.

Nilisimama jikoni nikafungua maji ya bomba, lakini nyumba hizi za kuta nyembamba hazisaidii. Nikasikia Kathure akirudia sentensi yangu, na Clifford akiimalizia. Neno kwa neno. Niliifanyia mazoezi mno.

Nilirudi na pilipili. Nikasema mimi sikusema uongo, wote ni Mwiti, na ni nani aliyewaambia wawape watoto jina moja? Nikasema ni wao waliokuja mbio waliposikia pesa. Nikasema Moïse, wa ghalani, huja kwa mama yake kila siku bila aibu, na mimi nilizaa injinia na nesi, naletewa maua na dereva. Nikasema mengi. Nilikuwa na haki, kwa hiyo nilisema kwa sauti.

Clifford hakupandisha sauti. Ndiyo iliyoniumiza.

"Hatukuja kwa pesa, Mama. Tulidhani unakufa."

Nikacheka. Nilikuwa peke yangu.

Akasema kwetu mtu mzima hataji mrithi kama bado ana afya. Akasema nakumbuka vizuri, baba yao alipiga simu Nkubu jioni moja akagawa shamba, huyu juu ya mto huyu chini, tukamwambia acha hayo Mzee, na kabla ya mvua zilizofuata tukamzika. Akasema aliposikia nimetoka benki, alilia ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, watu wakipita na kahawa. Ndiyo maana alirekodi sauti yangu. Ilikuwa ya watoto, waje waisikie baadaye. Ndiyo maana aliikataa Perth.

Kathure akasema alikuwa anatafuta usiku, baada ya shifti, dalili za ugonjwa usioonekana kwa macho. Akasema Cherotich alikuwa amemwonya wasinionyeshe kwamba wanajua.

Hakukuwa na vitunguu.

Nikawauliza nani anataka chapati. Wakainuka. Mwiti wa Clifford akauliza kwa Kiingereza kama Shosho anakufa au la. Nikasema la, Shosho haendi popote. Yule mtoto ndiye peke yake aliyefurahi.

Jumatatu, 26 Mei

Clifford ameandika ujumbe. Amewapigia Perth, kazi bado ipo. Mwezi wa saba. Hakuniita "Mama" mwanzoni wala mwishoni.

Cherotich ameacha bakuli langu kubwa nje ya mlango. Limeoshwa.

Ijumaa, 30 Mei

Kathure amenipeleka kwa wakili wa bure pale maktaba. Kwenye gari hakuna neno ila la yule mwanamke wa ramani anayesema geuka kushoto.

Wakili ni mwanamke kijana, mpole. Akasema kwa hali ilivyo mimi sina kitu nilichopanga. Nikifa leo pesa zangu zitafuata sheria, na kwa kuwa Mzee alitangulia, zitagawanywa sawa kwa Clifford na Kathure. Wajukuu hawapati moja kwa moja. Yaani zote zitawafikia wale wawili ambao wiki hii hawajapokea simu zangu. Nikamwambia hiyo sheria haina macho.

Akasema basi tuandike wosia. Niteue msimamizi. Kila Mwiti aandikwe jina lake lote na tarehe yake ya kuzaliwa, ili pasiwe na fumbo, na pesa zao zishikwe kwa amana mpaka wafike umri nitakaosema. Nikauliza kama naweza kuandika kwamba atakayekaa karibu nami apate zaidi, na aliye ng'ambo ya jangwa apate mwisho. Akasema ninaweza kutoa zaidi kwa mmoja, lakini wosia unaofanywa rungu huishia mahakamani, na pesa zikaliwa na mawakili. Kathure akatazama dirishani.

Nikasema nitafikiria. Kalamu ya hapo nimeiacha.

Tulipofika nyumbani, Moïse alikuwa kwenye ngazi na begi la hospitali, anamshikilia mama yake kwapani. Concilie amevaa mkanda wa karatasi mkononi, ule wa Westmead. Nikasema kwa mzaha kwamba dayati sasa imezidi. Moïse akanitazama. Akaniambia taratibu kwamba ni mapafu. Waliambiwa kabla ya Pasaka. Ndipo mama yake akaomba waende kwa wakili upesi, kwa ajili ya Ketsia, akili ikiwa bado safi.

Kabla ya Pasaka. Wakili alikuja baada.

Kathure alikuwa amejua, nadhani. Manesi wanajua kila kitu na hawasemi. Aliniacha kwenye ngazi, akarudi kazini. Nilikaa pale. Wapita njia waliniruka.

Kisha nikapanda, nikapika uji wa wimbi, laini kabisa, nikampelekea Concilie. Nikamlisha vijiko kadhaa maana mkono unamtetemeka. Akaniuliza mambo ya trasti yangu yamekaaje. Nikamwambia yamekaa vizuri sana, watoto wananililia. Akasema, "Shukuru Mungu, Mama Clifford. Wengine wanakuja tu ukishaugua."

Jumapili, 1 Juni

Sijaenda kanisani. Nimekaa nimefikiri. Watu husema mimi sioni makosa yangu. Nimeyaona.

Kosa langu lilikuwa benki.

Benki ilinitia katika mambo ya wakili, tarehe za kuzaliwa, na sheria isiyo na macho. Benki haikuleta mtu hata mmoja mezani kwangu. Clifford mwenyewe amesema: hawakuja kwa pesa. Kathure alibadilishana shifti kwa ajili ya nini? Perth iliachwa kwa ajili ya nini? Si Mwiti. Ni ugonjwa! Nilikuwa na ufunguo mkononi, nikafungua nao mlango usio wangu.

Mwezi wa saba bado haujafika.

Basi nimeanza asubuhi, madirisha yamefungwa. Kwanza kikohozi kikavu. Hakina heshima, kinafanana na cha mtu aliyepaliwa na mkate. Kisha nikajaribu cha kutoka chini, cha tumboni, na filimbi kidogo mwishoni. Hicho! Hicho hata Kathure na mashine zake kitamchanganya. Nitampigia Clifford baada ya chakula. Nitasema neno moja au mawili, halafu nitakohoa, halafu nitasema si kitu. Si kitu ndiyo itakayomleta.

Nikarudia tena na tena mpaka machozi yakatoka yenyewe. Ni kweli yalitoka. Sijui yalikuwa ya nini.

Mlango ukagongwa.

Concilie. Peke yake! Amepanda ngazi zote ameshika reli, blanketi mabegani, uso wa majivu, na thermosi ya tangawizi na asali kifuani. Ilibidi apumzike mlangoni kabla ya kusema. Akasema amenisikia kule chini tangu asubuhi na moyo haukumtulia. Akasema amemwambia Moïse ampigie Clifford sasa hivi, na Moïse ameshapiga, na Clifford yuko njiani.

Nikamvuta kiti. Nikamkalisha. Nikamfunika miguu vizuri. Akanimiminia tangawizi mimi kwanza, nusu ikamwagika mezani, na akanitazama nikinywa kwa huruma ambayo sijaiona kwa mtu mwingine hapa Sydney.

"Mama Clifford," akasema, "kikohozi chako ni kibaya kuliko changu."

Miaka yote hii nimeishi juu ya mwanamke huyu. Samaki wake, Moïse wake, trasti yake. Leo kwa kinywa chake amekiri nimemshinda.

Nikakohoa tena.